Muchango wa maji: tuuongeze muda, lakini hesabu isomwe

(Maneno ya mwanachama wetu, animateri wa ONG, mbele ya mukutano mukuu wa mwaka 2024. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.)

Jambo kwenu wote. Jambo kwa wazee wetu, jambo kwa bamama waliofunga meza zao sokoni ili wafike hapa, jambo kwa vijana wa kule nyuma waliosimama karibu na mulango kama watu wanaotaka kutoka. Na jambo kwa wafadhili wetu, ambao watasoma maneno haya katika gazeti letu bila kusikia namna mvua inavyopiga hizi kelele juu ya mabati.

Komite imeniomba niseme juu ya muchango maalum wa maji na soko. Tuliukubali mwaka 2021, kwa miaka 3, na muda wake unaisha mwezi wa 12. Swali ni hili: tuuongeze muda ao tuuache ufe? Mimi nasema tuuongeze. Nimetangulia kusema ili musikae munabahatisha. Lakini niko na masharti, na juu ya masharti hayo najua tutagombana kidogo. Si mubaya.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wengi wenu hamulijui, wengine munalijua mukanyamaza kwa heshima.

Nilipotoka chuo kikuu nikapata kazi, ilikuwa kazi ya maji. ONG iliyonichukua ilileta maji kutoka mulimani kwa mabomba mupaka hapa mujini: chanzo kikajengewa, tanki ikajengwa, robine zikapandwa. Siku ya kukabidhi munaikumbuka. Hema, viti vya kukodi, Fanta, wakubwa wakakata utepe, bamama wakacheza. Mimi ndiye niliandika raporo. Niliandika kwamba wananchi wamekwisha kufundishwa na komite iko tayari kulinda kazi. Niliandika vile kwa sababu raporo ilikuwa na pahali pa kuandika vile.

Haikupita miaka 2. Mvua kubwa ikashusha mawe, bomba likakatika pale linapovuka mutoni. Kilichotakiwa ni urefu kidogo wa bomba, viungo viwili, saruji kidogo na fundi wa siku 2. Kese ya komite ilikuwa na kufuli zuri sana, na ndani hakuna kitu. Nikarudi kwa wakubwa wangu wa kazi. Wakanijibu kwa upole: mradi umefungwa. Hawakuwa watu wabaya. Pesa ya mradi ilikuwa ya kujenga, na kujenga kulikuwa kumekwisha. Kwa bomba lililokatika hakukuwa na hata mustari mumoja katika budje. Wafadhili wangu mutanisamehe, lakini sijaona bado mutu anayepigwa picha karibu na kiungo cha bomba.

Kiangazi kizima watu walirudi ziwani na bidoni. Na sisi wa kando ya Tanganyika hatuhitaji mutu atufundishe maana ya kunywa ziwa. Uvira, Nundu, Fizi, hizi ni zone za afya ambako kolera inarudi kama mugeni mwenye ufunguo wa nyumba. Mwaka huu tena maji ya ziwa yamepanda mupaka ndani ya nyumba za watu, kutoka Uvira hadi Kalemie, vyoo vikafurika. Mutu anayesema leo «ziwa liko, tutachota» afikirie vizuri anachota nini.

Kutoka kwa lile bomba ndipo muchango ulizaliwa. Franka 500 kwa nyumba kila mwezi, franka 100 kwa meza kila siku ya soko. Bomba likatengenezwa. Walinzi wa robine wakapata kitu kidogo. Takataka za soko zikaanza kutolewa kabla hazijatembea zenyewe. Hiyo ni kazi ya makuta yenu, si ya ONG, na sipendi kusikia mutu akisema «maji ya HCR». Ile ilikuwa zamani.

Sasa, kwa nini watu wengi kati yetu wanaona uchungu kulipa? Nimezunguka avenue zote mwezi uliopita nikiuliza. Si umaskini tu. Nyumba maskini kabisa ziko zinalipa, na nyumba zenye moto mbili uani hazilipi.

Mimi mwenyewe niliingia Nyarugusu nikiwa mutoto wa miaka 6, mwaka 1996, kambi ikiwa bado misitu na mahema. Nimekulia pale. Maji ya robine yalikuwa bure. Foleni ndefu, ndiyo, na ndoo zilipigana, lakini bure. Masomo bure, hospitali bure, unga wa PAM kwa karatasi. Na wale wa Lugufu, mupaka kambi ile ilipofungwa mwaka 2009, walikuwa vilevile. Tuliishi miaka mingi bila kulipia maji hata makuta moja. Lakini mukumbuke upande wa pili: je, kuna siku mulimuuliza mutu wa kambi pesa ya maji imetumika namna gani? Nani angekujibu? Walipopunguza posho, walibandika tangazo ukutani, basi. Hatukulipa, na hatukuwa na haki ya kuuliza. Nadhani tumerudi nyumbani na nusu ya desturi ile: kutolipa tumekumbuka, na kunyamaza pia tumekumbuka.

Sababu nyingine ni ya zamani zaidi, nimeisikia kwa wazee. Katika inchi hii kodi haikuja kama kitu cha kujenga kijiji. Wabelgiji walileta kodi ya kichwa ya kulipwa kwa pesa mwaka 1910, na mwanaume asiye na karatasi ya kodi alijua kitakachomupata akikutana na mupolisi. Wakati wa Zaire ikawa CPM, karatasi ileile na mbio zilezile. Leo kuna bariere. Mama anatoka Baraka na kitunga cha ndagala, kabla hajafika soko la pili amelipa mara ngapi? Na risiti ngapi anazo? Kwa hiyo kijana wetu akifika na daftari lake na kusema «muchango», yule mama hasikii neno muchango. Anasikia mukono mwingine katika mufuko uleule.

Na mukono huo ulifanya kosa, tuliseme hapahapa. Mwaka jana mukusanyaji wetu mumoja alichukua beseni ya mama muuza sombe kwa sababu alikuwa na deni la miezi 4. Beseni ikakaa wiki 3 katika nyumba ya mutu ninayemujua na munayemujua. Yule mama hakurudi tena kwenye robine. Alianza kutuma watoto wake ziwani, kwa hasira, si kwa kukosa 500. Beseni ilirudishwa, lakini haikuombewa musamaha. Naiomba komite ifanye hivyo kabla ya kura yoyote.

Nilisoma sheria chuoni, vumilieni dakika chache.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Muchango wetu basi si kodi. Hatuna uwezo wa kutoza kodi, na mutu akikataa hatuna haki ya kugusa beseni, mbuzi, wala mulango wake. Ni mapatano ya watu wanaotumia maji mamoja. Nguvu yake yote iko katika mapatano hayo. Ndiyo maana muda wake ukiisha hatuwezi kuendelea kukusanya kimyakimya eti «watu wamekwisha kuzoea». Ninajua kuna mutu katika komite aliyesema hivyo. Ni hatari kuliko bomba kukatika.

Upande wa pili, sheria iko na deni kwetu. Kifungu cha 175 cha Katiba hiyohiyo kinasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema tena kwamba katika fungu hilo la jimbo, 40% ni ya muji, komini, sekta na shefferi. Sekta yetu imo. Mumeona nini? Makarani wa sekta wenyewe wanakaa miezi bila mushahara, halafu tunashangaa kwamba wanaishi kwa kuandika risiti. Sheria hiyo inataka pia sekta iwe na konsei iliyochaguliwa na watu, ambayo ndiyo inapitisha budje. Tangu 2008 mupaka leo hatujachagua konsei ya sekta hata mara moja. Desemba 2023 walichagua washauri wa komini, tena katika komini chache tu. Kwa hiyo huu mukutano chini ya mabati, na mvua hii, ndiyo konsei tuliyo nayo kwa sasa.

Kuna watu watasema: basi, kama Leta iko na deni, tusilipe, tungoje Leta. Ndugu, mimi ningependa. Lakini bomba halijui kungoja. Ninachokataa ni kitu kingine: kwamba tukilipa, tuache kudai. Barua ya kuuliza fungu la sekta iko tayari, nimeiandika pamoja na walimu wawili. Inataka sahihi zenu. Iko mezani pale, na kalamu ziko 3, mutu asiondoke na kalamu.

Sasa jambo gumu.

Waliobaki hapa wakati wa vita wanatuita «watu wa bateau». Munajua kwa nini. Kuanzia mwaka 2005 meli zilitushusha, wengine walikuja na Mwongozo kutoka Kigoma, tukashuka na mabati, na sufuria, na majembe. Wao walikuwa wamelala porini miaka yote ile, na hakuna aliyewaletea hata mutungi. Muchango ulipoanza, chama chetu kiliomba tusamehewe mwaka mumoja kwa kuwa tulikuwa «tunajipanga». Tulipewa. Halafu tukaomba tena. Leo katika daftari kuna nyumba za watu waliorudi zaidi ya miaka 10 iliyopita ambazo bado zimeandikwa «rapatriye, amesamehewa». Miaka 10! Mutoto aliyezaliwa siku ya kurudi yuko karibu kumaliza masomo ya primeri.

Ninasema hili kama mumoja wenu, na mama yangu amenikasirikia jana jioni juu yake. Msamaha ule ufutwe. Aliyefika mwaka huu, apewe miezi 6. Mujane asiye na mutu, muzee peke yake, mugonjwa, hao tuwasamehe bila kuuliza walikimbilia wapi ao walibaki wapi. Wengine wote tulipe sawa. Jirani yangu, muzee aliyebaki hapa vita yote, aliniambia neno moja kwenye robine: «Munakunywa pamoja nasi, lakini munalipa kama wageni.» Sikuwa na jibu. Mugomvi wa shamba unapokuja kwa shefu, ao mutu anapotaka kuingia komite ya soko, neno hilo ndilo linatukalia mbele. Kwa franka 500 tunajiuza rahisi sana.

Na hizo 500, tuzipime. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000. Leo iko karibu 2.800. Bomba na viungo vinatoka nje, bei yake inafuata dola. Franka 500 ya wakati ule ilikuwa robo ya dola. Leo robo ya dola ni franka 700. Maana yake, tukipiga kura kwamba «tuendelee na 500 ileile», tutakuwa tumepunguza muchango bila kusema kwamba tumeupunguza. Kese yetu haitakufa kwa wizi, itakufa kwa kuliwa polepole na dola.

Mimi ninapendekeza 700 kwa nyumba. Kwa meza sokoni, ibaki 100. Nimesikia mutu ameguna. Sikilizeni: mama wa meza anailipa sekta takse ya kutandika bidhaa, na jioni nyumbani kwake analipa tena muchango wa nyumba. Yeye ndiye aliyebeba kese yetu miaka 3 hii. Soko halijakosa hata wiki moja kulipa, wakati avenue za juu zimekosa miezi. Tusimuongezee aliye rahisi kukamata.

Kuna walioniuliza kwa nini tusilipe kwa bidoni, kila anayechota atoe. Inaonekana ya haki. Lakini nyumba ya watoto 9 italipa mara 3 kuliko nyumba ya mufanyakazi wa ONG anayeishi peke yake, na huyo ni mimi. Na pale bei ya bidoni inapouma, wa kwanza kurudi ziwani ni nyumba ile yenye watoto 9. Kwa kolera hakuna hesabu mubaya kuliko hiyo.

Niwaambie kitu kidogo cha mbali. Muko na watoto waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani, munaongea nao kwa WhatsApp. Binamu yangu yuko jimbo la Ohio. Amepata uraia, akapiga kura, akanitumia sauti akicheka: karatasi ya kura ilimuuliza pia kama anakubali kodi ya wazima-moto iendelee. Kule miji midogo ina kodi za namna hiyo, ya zimamoto, ya maktaba, ya shule, na nyingi ziko na mwisho wake, mara nyingi miaka 5. Muda ukiisha, wakubwa wanarudi kuwaomba watu. Watu wakisema hapana, gari halinunuliwi. Alichoniambia ni kwamba wiki zote kabla ya kura, wazima-moto walikuwa wanaeleza pesa ya kwanza ilifanya nini. Hawakuanza na kuomba. Walianza na kuonyesha. Sisemi tuige Marekani, wale wako na vitu ambavyo sisi hatuna. Lakini kuonyesha daftari hakuhitaji umeme.

Kwa hiyo masharti yangu. Muda uwe miaka 3 tena, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye ukuta wa soko kwa rangi, si kwenye karatasi ambayo mvua inaondoa. Pesa iwe ya maji na usafi wa soko peke yake. Mwaka juzi tulichukua humo kwa ajili ya kilio, tukachukua tena kumupokea mukubwa fulani aliyepita hapa na magari yake. Kwa kilio ninaelewa, hata kama si halali. Kwa ile mbuzi ya mukubwa sielewi mupaka leo. Kila miezi 3 hesabu isomwe kwa sauti siku ya soko, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, na mutu yeyote aruhusiwe kuuliza hata kama hajui kusoma, hata kama hana kwitansi yote. Ufunguo wa kese usikae na mutu mumoja: mumoja kwa mweka hazina, mumoja kwa bamama wa soko, na wa tatu kwa mutu wa wale waliobaki hapa, atakayechaguliwa na wao, si na sisi.

Kwa wafadhili neno moja tu. Musituongezee robine mupya mwaka huu. Najua ndiyo inayopendeza katika raporo, nimewahi kuiandika. Tusaidieni kununua akiba ya bomba na viungo, na kumufundisha fundi wa pili, maana tuliye naye ana miaka 61 na anapanda ule mulima kwa fimbo. Na mukija kutembelea, ombeni daftari kabla ya kuomba kuona chanzo.

Kura itakuwa ya mahindi na maharagi, kama kawaida, kila mutu punje yake nyuma ya pazia. Punje ya hindi ni ndiyo, haragi ni hapana. Kwanza tutapiga juu ya kuongeza muda, halafu peke yake juu ya 700, musivichanganye. Anayetaka muchango lakini hataki 700, yuko na haki ya kutia hindi mara ya kwanza na haragi mara ya pili.

Mama wa beseni yuko hapa, ameketi pale karibu na dirisha. Sikumuomba aje, amekuja mwenyewe. Mweka hazina, kuja na daftari lako. Uanze na mwezi ule.